Maziwa ya Marehemu

Hauke alitaka tuipite Innsbruck bila kusimama. "Verona inatungoja, mpenzi. Milima nimeiona dirishani, inatosha."

"Kahawa tu, kisha tunaondoka," nikamwambia. Nilimdanganya. Nilitaka Mama Kreszenz, mama mkwe wangu wa zamani, aniambie kwa kinywa chake kwamba mwanawe Vinzenz amekufa, ili niolewe na Hauke kwa moyo mweupe. Vinzenz, mume wangu, alipanda mlima ulio juu ya mji na hakurudi. Hata kiatu chake hakikupatikana. Serikali ilishanipa cheti cha kifo. Mama hakunipa neno.

Jioni ya Watakatifu Wote, watu wa kwetu huacha jiko likiwaka, na mezani maziwa na mkate wa kusukwa, marehemu wa nyumba waje wapate joto. Mama alimwandalia mumewe, dada zake, hata shangazi aliyemchukia. Vinzenz hakuwahi kumwandalia. Kumwandalia ni kumzika.

Tulifika kwa Mama jioni hiyo hiyo. Hauke alinishusha mlangoni, akaenda kutafuta maegesho. Mama akanivuta kando ukumbini.

"Notburga mwanangu, mwaka huu nimemwekea. Nimechoka kungoja."

Nikalia, na aibu yangu ni kwamba nililia kwa furaha.

"Basi olewa, nimekuachia," akasema. "Yuko wapi huyo bwana wako?"

Tulimkuta jikoni. Alikuwa amepitia mlango wa nyuma, ambao jioni hiyo hatuufungi kwa ajili ya wale wageni. Yeye ni mtu wa pwani ya kaskazini, mila zetu hazijui. Aliona meza imeandaliwa, akadhani ni yake. Kikombe kilikuwa kitupu. Mkate ulibaki makombo.

"We mlafi!" nikamaka. "Hicho si chako!"

Mama akanizuia. Akamsogelea, akamshika shavu. "Huko juu kuna baridi?"

"Sana, mama," akajibu.

Hauke hamwiti mtu mama; hata mama yake mzazi yeye humwita kwa jina.

Mama akamvua koti, akalitundika. "Wewe nenda, mwanangu, kabla theluji haijafunga njia," akaniambia kwa upole. "Huyu anabaki."

"Hauke, twende."

Alikuwa anaota moto, mgongo kwangu.

"Hauke!"

Hakugeuka. Lile jina jingine lilishanifika mdomoni, nikaliuma. Niliogopa, kwa sababu nilijua kwamba nikiliita, atageuka.