Machozi ya Saa Kumi na Mbili

Kama kuna mtu Bujumbura aliyewahi kupendwa na mji mzima kwa sababu ya sambusa, ni Seifu wa Buyenzi. Na aibu yake ni kwamba mwenyewe alijua.

Seifu alisoma habari za Kiswahili kwenye redio moja ya watu binafsi iliyokuwa ghorofani, mtaa wa Mutanga Sud. Mwaka ulikuwa 2002, vita vimekwisha kuwachosha hata wanaopigana, na ikifika saa kumi na mbili jioni hukuti nyumba Buyenzi wala Kamenge ambayo redio yake imezimwa. Watu walitaka kujua barabara ipi imefungwa na nani anamtafuta nani, kisha wafunge milango. Kwa hiyo kiti cha saa kumi na mbili kilikuwa kiti cha heshima, na aliyekikalia alisalimiwa hadi na watu asiowajua. Sasa hapo ndipo pa kumkaba Seifu: kiti hicho hakikuwa chake. Kilikuwa cha Nafisa.

Nafisa alikuwa binti wa mzee Talal, Mwarabu wa Bujumbura mwenye duka la vitambaa karibu na soko kuu. Ukoo wake haukutaka kabisa sauti ya binti yao isikike kwenye kila kinyozi na kila baa. Aliyekwenda kumwombea ruhusa ni Seifu mwenyewe, kwa miguu yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa kahawa ya mzee, akasema, "Baba, kusoma habari ni kazi ya heshima. Mi nitamuchunga sawa dada yangu wa tumbo moja." Mzee Talal akamwongezea kahawa, akakubali. Seifu akamfundisha Nafisa namna ya kupumua kabla ya sentensi ndefu na namna ya kukaa mbele ya mikrofoni, na haukupita muda mrefu mwanafunzi akampita mwalimu. Mkurugenzi akampa Nafisa habari za jioni, Seifu akabaki na zile za mchana, saa ambayo nusu ya wasikilizaji wanakula na nusu wamelala. Alimpongeza kwa mdomo mpana. Rohoni palikuwa na kijiba.

Basi mwezi wa Shaabani, jioni moja, Nafisa alikuwa akisoma matangazo ya watu waliopoteana. Likaja hili: mtoto wa kiume ameokotwa Kamenge, karibu na hospitali. Hajataja jina lake wala la wazazi wake. Anachosema ni kimoja tu, kwamba anamtaka Bihogo, ng'ombe wao mwenye pembe iliyovunjika. Nafisa alipofika kwenye jina la ng'ombe, sauti ikamkatika. Alilia. Mji mzima ulimsikia akilia, akivuta kamasi, akijikaza, kisha akalirudia tangazo lile tangu mwanzo na kuisoma habari mpaka mwisho bila kuruka neno.

Asubuhi yake simu zilikuwa zimejaa. Mmoja aliuliza redio inajua nini hata msomaji analia, mwingine aliuliza yule mwanamke analilia upande gani. Mkurugenzi, Hyacinthe, mtu wa tai na haraka, akaita mkutano. Nafisa alikaa mwisho wa meza, mtandio ameuvuta hadi kwenye nyusi.

"Mutu akilia mu mikro, watu wanaogopa," Hyacinthe alisema. "Seifu, we ndiye mukubwa wa Waswahili hapa. Unasema nini?"

Seifu angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba msichana hakuruka neno. Badala yake alikohoa kidogo, akasema, "Chef, mwanamuke machozi yake iko karibu. Habari ya vita inataka sauti ya mwanaume."

Hyacinthe akauliza nani anakubali Nafisa atoke hewani, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Seifu. Mingine ikaufuata. Nafisa hakuitazama ile mingine. Alimtazama yeye peke yake, bila hasira, kwa mshangao wa mtu aliyegongwa na mlango wa nyumbani kwao. Tangu siku hiyo akapelekwa kwenye meza ya simu, nje ya kioo cha studio, na Seifu akahamia jioni. Nyumbani alimweleza mkewe, Sijaona, kuwa ni uamuzi wa wakubwa. Sijaona akamuuliza, "Na we ulisema nini?" Akajibu kwamba hakuulizwa.

Ramadhani ikaingia, na hapo ndipo sambusa inapoingia pia.

Adhana ya magharibi na habari za jioni viligombania dakika zilezile, kwa hiyo Seifu alizoea kufuturu mlemle studioni, wakati fundi mitambo, Sylvère, anapopiga ripoti iliyorekodiwa. Sijaona alikuwa akimfungia tende na sambusa, na Sijaona akishika pilipili hashiki kidogo. Jioni hiyo ripoti ilikatika ghafla kabla ya muda wake. Taa nyekundu ikawaka huku sambusa nzima iko mdomoni. Seifu akaimeza vivyo hivyo. Pilipili ikamshika kooni na kupanda puani, na mbele yake ilikuwa habari ya watu waliokimbia kutoka mtaa wa Carama na kulala kwenye uwanja wa shule, mvua ikiwanyeshea.

Kukohoa hewani kwa msoma habari ni fedheha, basi akajizuia. Alipojizuia, machozi yakamtoka. "Akina mama," alisoma, sauti ikakwama. "Akina mama wenye watoto wachanga..." Ikakwama tena. Akanyamaza, akahema, mikrofoni ikachukua kuhema kwake kote. "Niwieni radhi," alisema kwa sauti iliyopasuka, kisha akaendelea kwa kunong'ona hadi mwisho.

Hajatoka hata studioni, simu zimeanza kulia. Na nani alizipokea? Nafisa. Kupitia kioo, Seifu alimwona akiinua mkono wa simu, akisikiliza, akiandika, akiweka na kuinua tena. Alipotoka alimkuta anasikiliza mtu aliyepiga kelele hata maneno yakasikika mezani: "Yule ni mwanaume mwenye moyo! Mwanaume akilia, jua mambo imefika mwisho!"

Nafisa aliweka simu chini. Mezani pake, mbele ya kioo cha studio, palikuwa na tende alizofuturia mwenyewe. Aliona kila kitu, tangu sambusa inaingia mdomoni.

"Kunywa maji, kaka," alimwambia. "Pilipili ingali inakuchoma."

Hakusema zaidi ya hapo, na laiti angesema. Mtu akikutukana unaweza kumjibu, lakini akikupa maji utafanya nini?

Mji ukamvisha Seifu kilemba cha ukoka naye akatembea nacho. Kwenye msikiti wa Buyenzi walimpisha safu ya mbele. Mafundi wa magari walifuta mikono yenye grisi ili wamshike mkono. Mama mmoja Kamenge alimpa kikapu cha machungwa, akakataa kulipwa. Hyacinthe, yuleyule wa kusema kwamba machozi yanatisha watu, sasa alizunguka ofisini akisema, "Ile ndiyo redio! Redio yenye roho!" Akatangaza kwamba baada ya Idi Seifu atakuwa mkuu wa habari zote za Kiswahili.

Machungwa yale yalimshinda kula. Usiku akijilaza anaona Nafisa anaandika majina ya wanaomsifu. Akipita mjini anazunguka mtaa mzima asije akapita mbele ya duka la mzee Talal, maana alikuwa amesikia kwamba mashangazi wanamsema mzee: tulikuambia, tazama sasa binti ameaibika mbele ya mji mzima. Mzee alimwamini nani? Alimwamini yeye. Dhamiri ikamsuta Seifu hata akaanza kukosea majina ya mitaa aliyokulia.

Siku moja alijipa moyo, akamfuata Nafisa mezani.

"Dada, mi nitasema ukweli. Sitaweza kufunga Ramadhani na hii uongo."

"Utasema kwa nani?"

"Hewani. Kwa watu wote."

Nafisa akakunja mikono, akamwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano uso wake ulilainika kidogo. "Kama utasema yote, kaka," alisema polepole, "mi nitakusamehe mbele ya Mungu."

Jioni hiyo, habari zilipokwisha, Seifu hakuaga. Aliisogelea mikrofoni.

"Wasikilizaji," alisema, "siku ile mlidhani nimelia. Sikulia. Nilikuwa nafuturu, na mke wangu alitia pilipili nyingi kwenye sambusa. Nimebeba sifa isiyo yangu. Mnisamehe."

Yote alikuwa ameyapanga kichwani: kwanza pilipili, kisha Nafisa, kisha mkutano, kisha mkono. Lakini upande wa pili wa kioo Sylvère alikuwa ameshaanguka juu ya mitambo kwa kicheko, na Seifu akacheka naye kidogo. Alipocheka, yale mengine yakarudi tumboni. Akasema usiku mwema. Taa nyekundu ikazimika.

Simu zikalia kuliko ile siku ya kwanza. Watu walicheka hadi kukosa pumzi. Walisema huyu ni mtu mnyenyekevu, mtu wa kweli, hajapata kutokea mtangazaji kama yeye, na mkewe aongeze pilipili. Hyacinthe alikuja mbio kutoka ofisini kwake, amelegeza tai, anajifuta macho kwa leso. "Seifu! We ni hatari! Sasa ndiyo wamekupenda kabisa!"

Na Seifu, niseme nisifiche, alijisikia mwepesi. Alijiambia amekwisha kutubu. Yaliyobaki atayasema kesho, au baada ya Idi, watu wakiwa wametulia. Akageuka kumtafuta Nafisa kwa macho ili apate ule msamaha wake.

Nafisa alikuwa na mkono wa simu sikioni, ameinama, anasikiliza sana. Kisha akauziba kwa kiganja, akanyoosha waya hadi unapofika.

"Kaka Seifu. Ni mama yake yule mutoto wa Bihogo. Anapiga kutoka kabine ya simu ya Kamenge. Anamutaka mutangazaji wa saa kumi na mbili, mwenye alilia."

Chumba kilikuwa bado kinacheka. Seifu akaichukua simu, akasema, "Alo."

"Ni we, papa?" Sauti ya mwanamke ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Mi sikuwa na redio. Ni majirani ya Carama waliniambia. Walisema mutangazaji wa jioni alilia juu ya mutoto wangu, analia anarudilia ile jina ya ng'ombe, ndiyo sababu kila mutu alikumbuka. Wangesahau, papa. Matangazo ni mingi. Lakini ile kilio hawakusahau, mpaka mumoja akasema, ile Bihogo ya pembe ya kuvunjika ni ya kwetu. Mutoto niko naye hapa. Nilikuwa nataka tu kusikia sauti yako."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwake, tena machache: si mimi, mama, ni dada Nafisa, huyu hapa. Lakini Hyacinthe alikuwa amemwekea mkono begani na anamtabasamia. Akisema si mimi, ataulizwa ni nani. Akimtaja Nafisa, ataulizwa mbona Nafisa yuko kwenye simu. Na hapo atafika kwenye ule mkutano na yale maneno aliyoyasema, na kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto lake. Nafisa alikuwa mbele yake, karibu hata angeweza kumgusa, naye anasubiri.

"Ndiyo, mama," Seifu alisema. "Tumushukuru Mungu."

Akaisikia sauti yake mwenyewe, ileile ya kiume, nzuri, imetulia. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Pilipili aliitangazia nchi nzima kwa kuwa haikumgharimu kitu, na hiki kidogo, mbele ya watu wachache, kilimshinda. Machozi ya uongo ameyarudisha, kisha papo hapo ameiba yale ya kweli, na mwenyewe, Nafisa, akimwangalia. Hakuwa na pa kuyaweka macho yake.

Nafisa alinyoosha mkono, akaitwaa simu taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka sikioni, akawapa mgongo wote wawili.

"Mama, mi ni mwenye kupokea simu tu," alisema. "Samahani. Mutoto anaitwa nani?"

Akasikiliza. Mabega yake yakashuka.

"Diomède," akarudia kwa sauti ndogo. "Diomède. Muambie tunamusalimia."

Seifu hakuwa ameliuliza jina hilo.