Matembele Ndani ya Supu

Wewe unayesikiliza, tegua kitendawili hiki: iko ndani ya bakuli, inatoka mukononi mwa mutoto wako, imejaa upendo, na inaweza kukuua. Usijibu haraka. Mama Régine mwenyewe alikunywa majuma mengi bila kujibu.

Kiharusi kilimukuta sokoni Bunia akiuza samaki kavu wa Tchomia. Mukono wa kuume ukaachilia samaki, mudomo ukapinda. Mungu akamurudishia maneno, na mukono nusu. Dokta Donatien akamueleza kwamba moyo wake unapiga ovyo, damu inaganda humo, na donge likipanda tena kichwani, huenda asiamuke. Dawa za kulainisha damu zilikuwa mbili. Ya kwanza inataka damu ipimwe kila juma, na mboga za majani ziliwe kwa kipimo kilekile, maana zikizidi zinaivunja nguvu. Ya pili haina ugomvi na majani, ila inamezwa asubuhi na jioni bila kusahau.

Dokta akauliza jikoni anatawala nani. Mama Régine akacheka, akamuonyesha binti yake Gracieuse. Huyu, akasema, nilimubeba mugongoni tukikimbia vita ya Djugu. Sufuria yake ni mukono wangu. Akachagua ya kwanza.

Kumbe kila juma damu ilikutwa ingali nzito. Dokta akaongeza dawa, ikawa vilevile. Mwishowe akauliza, kwa adabu, kama Mama anatupa vidonge. Mama akaapa kwa jina la marehemu mume wake. Gracieuse, pale pembeni yake, aliangalia viatu vyake.

Asubuhi moja Mama aliingia jikoni kutafuta chumvi, akamukuta binti anatwanga matembele, majani ya viazi vitamu, anayachanganya ndani ya supu ya samaki, anafunika rangi kwa mawese na nyanya.

“Mama, wanakulainisha damu mpaka itaisha,” Gracieuse akasema. “Siye tunajua matembele inaongeza damu. Weye mwenyewe ulinipa nilipozaa.”

“Na siku dokta aliniona muongo? Mudomo yako ilikuwa wapi?”

Gracieuse akakoroga supu tu.

Wakarudi kwa dokta, Mama akasimulia yote. Dokta hakugomba. Akasema ya kwanza ingali nzuri, kama sufuria itatii, ama wabadilishe. “Unachagua gani, Mama?”

Gracieuse alikuwa analia, ameshika ncha ya kitenge cha mama yake kama zamani njiani wakikimbia vita. Mama akakivuta kitenge polepole mpaka kikamutoka mukononi.

“Ile ya pili, dokta. Ile yenye haiulize mupishi ni nani.”