Malkia wa Mzinga Dhaifu

Munyiva aliinua fremu ya tatu, akaigeuza polepole kwenye jua la jioni. Malkia hakuwepo. Palikuwa na nyuki wachache wanyonge tu, na masega makavu kama kumvi za mtama.

"Huyo mnene je?" aliuliza mumewe Muema, aliyekuwa akipuliza moshi.

"Huyo ni dume, Baba Mwendwa. Hana kazi, ana macho tu."

"Basi ni ndugu yako kabisa."

Munyiva hakucheka. Chini ya mlango wa mzinga mabuu weupe walikuwa wametapakaa. Nyuki wenye njaa huwatoa watoto wao wenyewe na kuwatupa nje. Kiangazi huja kila mwaka hapa Kangundo na kukausha maua, na nyuki huponea akiba yao. Mwaka huu hawakuwa nayo.

Mwezi wa Desemba walimpelekea mahari mchumba wa mwana wao Mwendwa, na wazee wakataka asali ya kutengeneza uki, pombe ya heshima. Munyiva aliomba nusu ya masega ibaki mizingani, upungufu wanunue sokoni. Muema akakataa. Mjukuu wa warina asali awapelekee wakwe asali ya sokoni? Akavuna mizinga yote mitatu hadi sega la mwisho. Wakwe walisifu sana.

Juzi mzinga mmoja ulihama. Miwili iliyobaki ilikuwa hoi, na maji ya sukari hayakutosha kuiponya yote. Ilibidi waiunganishe: wamuue malkia wa huu ulio dhaifu zaidi, kisha waweke gazeti katikati ya masanduku mawili, nyuki walitafune taratibu huku wakizoeana harufu. Malkia wote wawili wakiachwa hai, nyuki wangeuana.

"Ukimpata nipe mimi," Muema alisema. "Aliyevuna ndiye aue."

"Sijakulaumu."

"Najua. Afadhali ungenilaumu."

Fremu ya nne. Ya tano. Kwenye ya sita mwanga wa jua ukawaishia.

"Niwashe tochi ya simu?"

"Gizani nyuki hufuata mwanga. Watakupanda usoni."

"Basi tuunganishe hivyo hivyo, Mama Mwendwa. Wakihama kesho kama wale wengine?"

"Tukibahatisha, tutapoteza yote miwili."

Akafunga mlango wa mzinga kwa kipande cha wavu. Nyuki kibarua angepenya kwenye tundu zake, malkia asingepenya, na bila malkia nyuki hawahami. Ndani aliwawekea kikopo cha maji ya sukari chenye vijiti vya kukanyagia, wasizame. Akarudisha mfuniko. Fremu nne zilikuwa bado hazijaguswa.

"Na wakifa kabla hapajakucha?"

Munyiva aliweka gazeti juu ya mfuniko, akaligandamiza kwa jiwe.

"Tutaanzia ya saba," alisema. "Uamke mapema, kabla jua halijawa kali."

Muema alichutama mlangoni pa mzinga na kuanza kuokota mabuu, mmoja mmoja, akiwatia kiganjani.