Mhusika Amebadilika

Agizo lilikuwa la ukurasa mmoja: kampuni ya Minamo isimamishe programu yake mpaka ikaguliwe. Nilitumia miezi kumi na tisa kuliandaa, na sioni haya kusema hivyo, maana kumi ya kwanza nilikuwa mbumbumbu tu, nimetoka idara ya barabara.

Programu yenyewe ni ya akili mnemba. Mzee anayeishi peke yake akibonyeza kitufe, inamsikiliza, halafu inaamua kama muuguzi aitwe. Baba yake Bi Kuze alibonyeza akilalamikia kifua. Ikamwambia anywe chai ya moto, apumzike. Alikutwa amefariki, siku ya tatu. Bi Kuze akawa anakuja ofisini kwetu serikalini, Tokyo, kila Jumatatu, kwa sababu kitufe kile kile sasa kilikuwa kando ya kitanda cha mama yake, aliyekuwa hospitalini baba alipokufa na sasa anaishi peke yake. Halmashauri ya kwao haikuwa na kingine.

Mihuri ya wakubwa sita ilihitajika. Mitano ilishagongwa, kila mmoja umeinamishwa kidogo kuelekea wa bosi wake, kama adabu inavyotaka. Ulibaki wa Nukaga, Mkuu wa idara yetu.

Wiki ya mwisho ya Machi Mkuu akaniita.

"Orihara, hongera. Zamu yako ya uhamisho imefika: Aprili mosi unakwenda idara ya misitu."

"Na agizo, Mkuu?"

"Mhusika wa faili anaondoka, halafu mimi nigonge muhuri? Kampuni ikija juu, nani atajibu? Wewe utakuwa huko na misonobari yako. Mwachie anayekuja, alisome kwanza."

"Atachukua mwaka mzima kulielewa!"

"Basi atalielewa vizuri."

Nilimchukia mtu yule. Hata hivyo niliinama, nikamshukuru.

Mrithi wangu, Tokuno, alitoka idara ya uvuvi. Nilimkabidhi faili nene kuliko tofali.

"Hii programu sasa, mnaiweka kabati gani?"

"Unatania?"

"Nusu nusu, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nakagua samaki. Samaki angalau unamnusa."

Siku ya kuaga nikagawa biskuti za mchele ofisi nzima, nikapewa shada la maua, wakanipigia makofi.

Mwezi wa tano simu yangu ikalia kule misitu.

"Bwana Orihara? Ni Kuze. Pale kwenu wananiambia nieleze upya, tangu mwanzo."

Jibu la hapo ni moja, nimelitoa tangu nina miaka ishirini na miwili. Mdomo ukatangulia. "Samahani sana, Bi Kuze. Mhusika amebadilika. Nikupe namba ya Bwana Tokuno?"

"Ninayo," akasema. "Sijapiga kwa ajili ya agizo. Mama alibonyeza juzi. Mara nne. Tumemzika leo asubuhi. Nimeona nikwambie wewe, maana wewe hutaniuliza ni kitufe gani."

Sikumuuliza mama aliambiwa nini. Niliinama mbele ya simu, kichwa kikakaribia meza, na nilikuwa bado nimeinama alipokwisha kukata.