Soseji ya Kalkuta

Siku hiyo mjinga alikuwa Hiribae, na mwenyewe alikiri mapema, kabla watu hawajamtangulia kusema. Mtu mzima, aliyerudi salama kutoka vita vya Burma, anaingia duka la Msomali pale Garsen, limejaa akina mama wa Kiorma wanaopimiwa sukari, anauliza kama zipo soseji nzuri za Kichina. Elmi mwenye duka, mtu mpole, akataka kujua hicho ni kitu gani. Hiribae akaeleza kwa madaha: nyama na mafuta yake, ikatiwa sukari, ikashindiliwa ndani ya utumbo, ikaanikwa mpaka ikawa nyekundu. Elmi akapendezwa. Akauliza ni nyama ya mnyama gani.

"Nguruwe," akasema Hiribae. "Lakini yule mzuri."

Akina mama wakavuta shuka zao. Elmi akamwonyesha mlango taratibu, ule ule alioingilia. Duka la pili habari zilimtangulia. La tatu hakuthubutu.

Wala si ulafi. Soseji alikuwa akimtafutia Godhana, mwenzake wa jeshini, aliyelala kitandani kijijini Ngao siku ya nne sasa bila kutia kitu mdomoni. Walipokuwa Kalkuta wakingoja meli ya kurudi, Mchina mmoja aliwauzia soseji moja, wakaikata kwa singe ya bunduki juu ya wali, wakala sahani moja. Tangu hapo hawakula tena kila mtu na sahani yake, hata waliporudi kwao. Sasa Alice, mkewe Godhana, akileta uji, mgonjwa anageukia ukutani.

Deka, mkewe Elmi, akamfuata Hiribae mpaka kivukoni. Akauliza anayetafutiwa ni nani. Alipoambiwa, alirudi nyumbani, akaja na kopo la nyirinyiri: vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyokaushwa, vikakaangwa, vikazamishwa ndani ya samli. Akasema mgonjwa apewe salamu.

Alipofika Ngao, Hiribae alinyunyiza sukari juu ya nyama, akaiweka katika sahani kando ya kitanda, akarudi kusimama mlangoni. Ndiyo desturi yake tangu Godhana aanze kukonda. Juzi alikimbilia Kau kutafuta samaki, jana Kilelengwani kutafuta ndizi. Kukaa hakai.

Godhana aliitazama sahani, akamtazama yeye, asinyooshe mkono.

Hiribae akabisha: sawa, si ya Mchina, lakini mtu akifumba macho kidogo ataona ni ile ile. Godhana akatikisa kichwa. Basi, akasema Hiribae, kesho atadandia lori la Mombasa, huko haikosi, siku tano tu amerudi. Alice akamwita shemeji, akamsihi asiende. Hiribae alikwishashika kofia.

"Siku tano hizo mimi sina," akasema Godhana. "Mikono wewe unayo. Nawa, tule."