Wageni wa Mchoro wa Tangi

Jumanne moja ya mwaka wa sabini na nne, saa nne asubuhi, Watiri alitandaza mchoro wa tangi la maji juu ya meza, akachonga penseli mbili. Ya manjano ilikuwa ya kupitia kipimo kilicho sawa, nyekundu ya kipimo chenye kosa. Katika karakana ya Bwana Moffat Kingori, pale Nyeri mjini, chuma hakikukatwa kabla Watiri hajaupitia mchoro wote na kuugonga muhuri.

Tangi lilikuwa la kiwanda cha kahawa upande wa Gakindu. Lingebeba galoni elfu mbili juu ya miguu minne ya chuma. Watiri alipofika kwenye miguu, akaona unene umeandikwa milimita tano. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akairudia. Zilitakiwa kumi. Alipozungusha duara jekundu, mlango ukafunguliwa, wakaingia wanawake sita wachuma kahawa, wamelowa chapachapa, wakaketi kwenye benchi. Wa mwisho alikuwa shangazi yake, Wachuka.

"Tata, mbona umelowa na nje ni jua?"

"Si ni hiyo kitu unasoma," Wachuka akasema, akikamua leso. "Kitendawili!"

"Tega."

"Niko na ng'ombe ya miguu nne. Inakunywa siku yote na haikojoi."

"Tangi."

"Itakojoa Ijumaa," akasema mwenzake, na wote sita wakacheka hadi benchi likalia. Maji yao yakatambaa sakafuni mpaka chini ya meza.

Bwana Moffat akaja akawatazama. "Hawa wameandika jina kwa kitabu ya wageni?"

"Bado."

"Waandike. Na wakae mbali na michoro, wino isitoke."

Watiri akamwonyesha duara. "Bwana, hii miguu haiwezi kubeba hiyo maji. Hawa ndio tangi itaangukia."

Moffat akawahesabu kwa kidole. "Stoo imejaa chuma ya tano, Watiri. Ya kumi nitoe wapi? Kwa shamba ya baba yako?"

"Inauzwa, bwana."

"Gonga muhuri."

"Sigongi."

Moffat hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alifungua droo ya Watiri, akautoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga mwenyewe. Kisha akamwambia aendelee na mchoro wa lango la kanisa.

Mchoro ukafika kwa Salim, fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Majengo. Watiri akamfuata hadi penye mashine.

"Salim, umeona hiyo nyekundu?"

"Nimeiona, dada. Na muhuri pia nimeuona." Akashusha kioo cha kukinga macho. "Nyekundu ni neno lako. Muhuri ni neno la kampuni."

Jumamosi Watiri akaenda Gakindu. Alimkuta Wachuka katikati ya mibuni, mkavu kabisa, debe kiunoni.

"Tata, usipeleke kahawa pale tangi ikisimama."

"Ati unaniambia? Si mimi nakuja kwa ofisi yako kila siku? Hata hiyo benchi yenu inaumiza matako."

"Basi kaa nyumbani."

Wachuka hakuacha kuchuma. "Na hii nipeleke wapi? Kiwanda ni hiyo moja. Kahawa ikilala, kesho imechacha, karani anaimwaga mbele ya watu. Na mizani wameweka hapo hapo tangi itasimama. Wewe mwenye kusoma, niambie nipitie wapi."

Watiri akamsaidia kuchuma hadi jioni. Alipoondoka, Wachuka akampa mkungu wa ndizi abebe nyumbani.

Wanawake wale waliendelea kuja ofisini kila siku ya kazi. Watiri aliwapikia chai. Chai ya watu kama hao hupoa, lakini haipungui, basi jioni aliimwaga kwenye maua dirishani. Wakati huohuo, kule Gakindu, walikuwa wakichuma kahawa kama kawaida, na hakuna aliyeona shida kwa mtu kuwa mahali pawili, maana kazi ilikuwa nyingi.

Tangi lilisimamishwa, likapakwa rangi ya fedha. Likajazwa Ijumaa, saa kumi alasiri, foleni ya mizani ikiwa imejipanga kivulini pake. Miguu ilipinda polepole, kama mzee anayepiga magoti kanisani. Watu wa nyuma walikimbia. Sita wa mbele hawakuwahi.

Jumatatu benchi lilikuwa kavu.

Maafisa walikuja kuutazama mchoro. Waliona muhuri, wakasema umekaguliwa vizuri. Mmoja akauliza ni nani aliyechafua karatasi ya kampuni kwa penseli nyekundu. Watiri akasema ni yeye, na akaeleza ni kwa nini. Wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, wakaandika kwamba ardhi ya Gakindu ni tepetevu.

Mwezi wa tano ukaja mchoro wa tangi la shule, upande wa Kagio. Miguu ilikuwa ileile, milimita tano. Watiri akazungusha duara, safari hii akikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Mlango ukafunguliwa, wageni wakaingia kwa mstari wawili wawili, maji yakichuruzika kwenye kola, wakamwamkia kwa sauti moja kama wanavyomwamkia mwalimu.

Bwana Moffat akaja, akahesabu mpaka ishirini na tatu. Akafungua droo, akagonga muhuri. Halafu akamwita seremala, akamwagiza viti vifupi, maana miguu ya hawa haikuwa ikifika chini.