Jukwaa Lililosafishwa

Saa kumi jioni, umeme wa sola ukiwa bado na nguvu, Thacienne alifuta vumbi kwenye runinga kwa ncha ya kitenge, akaipuliza diski na kuiingiza katika mashine. Chumba chake cha gemu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kilikuwa na mabenchi mawili. La mbele lilikuwa la vijana, walioshika maneti, vile vidude vya kubonyeza, na kucheza mpira. La nyuma lilikuwa la akina mama, ambao hawakucheza. Wao walikuja kuwatazama wafu wao.

Wafu wa kambi walikaa jukwaani, ndani ya gemu. Walikuwa wamehamia humo mmoja mmoja, kwa miaka kadhaa, kwa sababu uwanja ule ulikuwa na viti vingi. Gemu lilikuwa la zamani na picha yake mbovu, hata kila mtazamaji akawa doa la rangi tu. Hilo halikumsumbua mtu. Mukabalisa, jirani wa Thacienne, alimtambua mumewe kwa jinsi alivyokataa kusimama goli linapofungwa. Thacienne alimtambua bintiye Akeza, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka tisa, kwa sweta lake la manjano: mstari wa tatu, karibu na bendera ya kona. Doa lile liliegemea kushoto, kama Akeza alivyoegemea kila kitu.

Kisha diski ikaanza kukwama. Siku nyingine jukwaa zima liliganda, na benchi la nyuma likaacha kupumua.

“Mama Akeza,” alisema Lévi, mchezaji wake wa kila siku, “balitoa mupya ya hii gemu. Ni ileile, balisafisha picha tu. Unaona hata jasho.”

“Na bantu ba jukwaani?”

“Nabo balibasafisha.”

Thacienne alilifikiria jambo hilo wiki mbili. Alitaka kitu kimoja: kuyaona macho ya mtoto wake. Akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akaifunga mashine katika kitenge, akapanda minibasi hadi Lilongwe. Huko, katika mtaa wa Chilinde, Bayingana, fundi na muuza gemu, alipokea mashine ya zamani pamoja na diski yake, na gunia la maharage la kuongezea. Akampa mashine nyingine na diski mpya.

“Bantu bote biko ndani?” aliuliza Thacienne.

“Ni gemu ileile, mama.”

Kesho yake akina mama walikuja na nguo za kanisani. Picha ilipofunguka, majani ya uwanja yalionekana unyasi mmoja mmoja, na vijana wakapiga mbinja. Jukwaa lilijaa nyuso safi zenye meno. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu wao. Kwenye kiti cha Akeza alikaa mwanaume mwenye miwani. Mwanaume huyohuyo alikaa mstari wa saba, na wa ishirini, na miwani ileile.

“Huyu si wetu,” alisema Mukabalisa.

Lévi alikosea shuti. Mpira ukapaa juu ya jukwaa, na picha ikaufuata hadi nyuma ya uwanja. Hapo ndipo walipokuwa, nje ya geti, wamepanga foleni kwenye vumbi, kila mmoja na karatasi mkononi. Walionekana vizuri sana. Mume wa Mukabalisa alikuwa amesimama. Sweta la Akeza lilikuwa limechanika kiwiko, na hakuwa na kitu cha kuegemea. Kisha picha ikarudi uwanjani.

“Rudia ile shuti,” Mukabalisa alimwambia Lévi kwa sauti ya chini.

Thacienne alirudi Chilinde. Bayingana aligeuza kasha la diski akasoma maandishi madogo.

“Bale ba zamani habakuingia. Kampuni inasema haikupata haki zabo.”

“Haki gani?”

“Haki za sura. Benyewe balipaswa kusaini.”

“Balishakufa.”

“Ndo ile shida.”

“Sasa mbona biko inje ya mulango?”

“Balibatoa kwa viti tu. Kubafuta kabisa ni kazi ingine. Haikufanywa.”

Thacienne alikuwa amewahi kusikia maneno hayo kwenye dirisha moja la ofisi za wakimbizi, na jingine, katika nchi tatu, na kila mara alikuwa amesema asante. Safari hii hakusema. Aliweka viganja viwili juu ya meza, skrubu zikaruka.

“Nilikuletea mutoto yangu anakaa,” alisema. “Umenirudishia yeye anasimama.”

Bayingana aliokota skrubu. Mashine ya zamani alikuwa ameshaifungua na kuuza vipuri. Diski aliichukua mkulima mmoja wa Kauma, aliyening'iniza diski arobaini katika mahindi yake ili kufukuza ndege.

“Lakini picha ni safi, mama,” alisema Bayingana.

Watu wa mitaa mingine ya kambi bado huja kuuliza kama hilo gemu jipya lafaa kununuliwa. Lévi huwajibu kwamba linafaa, na huwaonyesha majani. Thacienne huwaambia wanunue kama ni majani wanayoyatafuta.

Siku hizi vijana wakimaliza zamu yao, yeye mwenyewe hushika maneti. Hatafuti goli. Huuma meno, hubonyeza kwa nguvu zote, na mpira hupaa juu ya jukwaa, juu ya yule mwenye miwani na wenzake. Benchi la nyuma huinuka. Huwaona watu wao kwa pumzi nne, tano hivi, kabla picha haijarudi. Mwamuzi huwapa wapinzani mpira, nao hufunga. Timu yake imeshindwa kila siku tangu wakati ule. Yeye hubonyeza tena. Foleni haijasogea hata hatua moja.